Mguu wa Griffin na Kufuli la Meneja

Kila asubuhi Penina alifagia ua, akawafungulia mbuzi, kisha akampelekea baba yake chai ya rangi kwenye kikombe cha bati. Baba yake, Danson, alikuwa skauti wa Ranchi ya Mwambiti, ile ardhi kubwa ya vichaka iliyo kati ya Mwatate na Voi. Kazi yake ilikuwa kutembea porini kutwa nzima, akifuata nyayo za ndovu, akitegua mitego ya waya na kuwasindikiza wageni wanaopenda kupanda vilima kwa miguu. Chai aliinywa amesimama. Maneno yalikuwa machache. Tangu mama Penina afariki, nyumba ile ilibaki na watu wawili na hasira moja.

Hasira hiyo ilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ungeweza kuiona kwa macho. Ukipita ofisi ya ranchi ukachungulia dirishani, utaona juu ya kabati sanduku jeupe lenye msalaba wa kijani. Ni sanduku la huduma ya kwanza. Limetiwa kufuli, na ufunguo anao meneja, Bwana Sylus, pamoja na funguo za nyumba yake. Siku mama Penina alipoumwa na kifutu, yule nyoka mnene anayelala njiani kama gogo, sanduku lilikuwa palepale juu ya kabati. Meneja alikuwa harusini. Gari la ranchi nalo lilikuwa harusini.

Majirani walifanya walilolijua. Huku kwetu penye mashamba ya mkonge, mtu haendi porini bila kipande cha kamba ya katani kiunoni, na ukimwuliza ni cha nini atakujibu, "Cha nyoka." Walimfunga mama mguu kwa katani, wakakaza, wakakaza tena. Alifia kwenye pikipiki kabla hawajafika lami. Siku ya mazishi meneja alikuja na shada la maua, akahutubu muda mrefu, akaondoka na ufunguo wake mfukoni.

Wanachama wa ranchi, yaani wanakijiji wanaoimiliki, walipiga kelele kwa miezi mingi. Ndipo wakubwa wakakubali kuleta mafunzo ya huduma ya kwanza ya porini kwa maskauti na waongoza wageni. Wangalikubali mapema, watu wengine wangalikuwa hai, lakini wakubwa husikia vizuri baada ya mtu kuzikwa.

Mafunzo yalifanyika likizo ya Aprili katika ukumbi wa shule. Bwana Sylus aliyafungua mwenyewe. Alishukuru kila mtu, kisha akakunja uso.

"Kabla sijaketi," alisema, "kuna watu wanavuka ua wa ranchi. Kuni, kuni! Mbuzi, mbuzi! Sasa sikilizeni. Skauti ambaye jamaa yake atakutwa mle ndani, awe mke, awe mtoto, huyo arudishe sare siku hiyo hiyo. Sina mchezo."

Danson alimtazama bila kupepesa. Penina, aliyekuwa amesimama mlangoni na watoto wengine, aliyasikia maneno yale vizuri sana.

Watoto walikuwa wameitwa na mkufunzi, Madam Valentine, muuguzi kutoka Kaloleni kule Voi. Aliwataka waigize wagonjwa. Aliwapaka rangi nyekundu, akamnong'oneza kila mmoja anaumwa wapi, halafu akawaficha vichakani ili maskauti wawatafute na kuwahudumia. Penina aliambiwa ameanguka mwambani na kuvunjika mguu. Alipofikiwa na Lewis, kijana anayeongoza wageni vilimani, alishika tumbo akagaagaa.

"Tumbo! Uwii, tumbo langu!"

Lewis wa watu akahangaika na tumbo. Alimlaza, akambonyeza hapa na pale, akaomba maji. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini.

"Bwana Lewis," mmoja alimtania, "mpe uji basi!"

Madam Valentine hakucheka. "Penina, nilikwambia unaumwa wapi?"

"Mguu, Madam."

"Na umemwambia nini?"

Penina akaondoa mikono tumboni.

"Hospitalini tuna mashine na vipimo. Porini huyu kijana ana macho yake na maneno yako, basi. Ukimdanganya, atatibu tumbo huku mguu ukioza. Rudi ulale, tuanze upya."

Alasiri Madam aliuliza, "Nani ana katani kiunoni?" Kumbe wote wanayo. Akawaambia waitoe na kuiweka mezani. "Hii kamba haimzuii kifutu," alisema. "Sumu yake hula nyama. Ukikaza kamba, umeifungia sumu mahali pamoja na umezuia damu. Hapo hata mtu akipona, mguu unakatwa. Msifunge. Msichanje. Msinyonye. Mtulize mgonjwa, ufungie mguu ubao usicheze, mbebe asitembee, na mfikishe kwenye dawa. Dawa iko hospitali."

Danson aliiweka katani yake mezani polepole. Kisha akatoka nje, akasimama nyuma ya ukumbi ameegemeza paji la uso ukutani. Hakuna aliyemfuata. Wote walikuwa wanajua mguu wa mkewe ulifungwa kwa kitu gani.

Jumamosi ilikuwa siku ya mwisho ya mafunzo. Asubuhi hiyo Penina alitoka kuchunga mbuzi pamoja na Griffin, mtoto wa marehemu baba yake mdogo. Nyumba zao zilikuwa ua mmoja, na mama yake Griffin, Mbithe, ndiye aliyempikia Penina tangu afiwe. Griffin alikuwa na miaka kumi na mitatu, mbishi, mwenye mbio. Hakwenda kuigiza mgonjwa. Alisema huo ni mchezo wa watoto.

Mbuzi mmoja mweusi akapenya kwenye ua wa ranchi.

"Mwache," Penina alisema. "Umesahau maneno ya meneja?"

"Meneja atampa mama mbuzi mwingine? Nakwenda na kurudi."

Alipenya. Penina alisimama kidogo, kisha akamfuata, maana alimwogopea. Walimwona mbuzi chini ya mgunga. Griffin alikimbia kumshika, akakanyaga majani makavu, akaruka juu na kulia mara moja tu. Kifutu alijivuta taratibu akaingia kichakani kana kwamba hakufanya lolote. Juu kidogo ya kifundo cha mguu palikuwa na matundu mawili yanayotoa damu.

Griffin alichomoa katani kiunoni, akaizungusha chini ya goti na kuikaza kwa meno.

"Usifunge!" Penina alimshika mkono. "Madam alisema mguu unakufa!"

"Madam wa Voi anajua nini kuhusu nyoka wa Mwambiti? Niache!" Aliishusha suruali juu ya kamba isionekane. "Sikiliza, Peni. Tutasema ni mwiba. Tukisema nyoka, wataniuliza wapi. Tukisema wapi, baba mkubwa anafukuzwa kazi. Unataka afukuzwe?"

Penina alitazama ua, akamtazama binamu yake. Aliifikiria sare ya baba yake, ile anayoifua mwenyewe kila Jumapili. Ndiyo iliyowalisha wote wanne.

"Ni mwiba," alisema.

Wakatembea hadi nyumbani, naye Griffin akiukanyagia mguu ule ule.

Mbithe alileta sindano na maji ya chumvi. Alichokonoa akitafuta mwiba ambao haukuwapo. "Mwiba gani huu wa kuvimbisha hivi? Wa mgunga?"

"Wa mgunga, mama," Griffin alijibu akiuma meno.

Saa ya chakula Danson alipita nyumbani. Alichuchumaa mbele ya mtoto akafanya kama alivyofundishwa. "Imekuwaje?"

"Mwiba, baba mkubwa."

Danson akageuka. "Penina?"

Alikuwa hapo, usoni pa baba yake, na kweli ikiwa mdomoni. Angeweza kuisema. "Mwiba, Baba," alijibu. "Nilikuwapo."

Danson alimwamini. Alimwambia Mbithe amwinue mguu na ampe maji, akarudi ukumbini.

Baada ya muda Griffin alianza kutapika. Ufizi wake ukavuja damu. Mbithe alikimbilia kwa jirani kuomba limau, akimwacha Penina amshike. Penina alipandisha suruali. Kamba ilikuwa imezama kwenye nyama. Juu yake goti lilikuwa limevimba, na chini yake unyayo ulikuwa umebadilika rangi. Aliugusa. Ulikuwa baridi.

"Natoka, Griffin."

"Uliapa," Griffin alisema kwa sauti ya mbali.

"Sikuapa. Na ningekuwa nimeapa pia ningekwenda."

Alikimbia hadi ukumbini, akavuka korongo ambalo daraja lake lilisombwa na mvua, na ambalo wakubwa wanasema kila mwaka kwamba liko kwenye mpango. Ndani, Bwana Sylus alikuwa akihutubu tena. Mbele alikaa mgeni wa heshima, Bi. Mable, wa shirika lililofadhili mafunzo, aliyekuja kutoa vyeti.

"Baba!" Penina alipaza sauti. "Nilikudanganya! Si mwiba, ni kifutu! Na amejifunga katani tangu asubuhi!"

Ukumbi mzima ulisimama. Madam Valentine alikuwa tayari ameshika mfuko wake. "Aliumwa wapi? Mguu upi? Anatapika? Anatoka damu?" Penina alijibu kila swali bila kuongeza wala kupunguza.

Bwana Sylus alikuwa na swali lake. "Mahali gani? Ndani ya ua au nje?"

Penina alimtazama baba yake. "Ndani ya ua," alisema.

"Mnaona? Mnaona sasa? Danson, tulisema nini juzi?"

Danson alimjia meneja mpaka wakakaribia kugusana vifua. "Lete ufunguo wa sanduku."

"Sanduku lile ni la ukaguzi. Lina taratibu zake. Na gari ni la kumrudisha mgeni Voi. Tutafute pikipiki..."

"Pikipiki!" Danson alinguruma. "Mke wangu ulimpa pikipiki! Ulikuja kula wali kwangu, ukasema Mungu amempenda zaidi! Sylus, nikimzika na huyu, hutahutubu."

Alitoka mbio hadi ofisini, hapo jirani, akalipiga kufuli kwa jiwe mpaka likakatika. Watu walimzunguka kuona. Ndani ya sanduku walikuta bandeji moja, mkasi wenye kutu, na vikombe vya karatasi vilivyobaki kwenye sherehe fulani. Hilo ndilo lililokuwa likilindwa na kufuli miaka yote.

Danson aliangua kicheko kibaya, cha mtu ambaye hataki kulia mbele ya watu.

"Acha hilo," Madam Valentine alisema. "Vifaa ninavyo. Mikono mnayo. Twendeni!"

Titus, dereva wa ranchi, alikuwa ameshaingia kwenye landkruza. "Titus!" meneja alimwita. "Nani amekutuma?"

"Bosi, barua ya kunifukuza utaiandika kesho," Titus alimjibu akiwasha injini. "Leo nina safari. Nawangoja ng'ambo ya korongo."

Nyumbani Madam Valentine alipiga magoti karibu na Griffin. Alipoiona kamba alivuta pumzi. Danson alitoa kisu.

"Rudisha kisu, Danson. Ikiachiwa ghafla, vyote vilivyofungiwa vitapanda mwilini kwa mkupuo. Hii ni kazi yangu. Nyinyi msiijaribu." Aliilegeza kidogo kidogo akimtazama mtoto usoni, akimhesabia pumzi, akingoja, akilegeza tena. Kisha alichora kwa kalamu mahali uvimbe ulipofika, ili hospitali ijue unakwenda kasi gani. Lewis aliufunga mguu kwenye ubao kwa leso za Mbithe, safari hii hakuuliza tumbo la mtu. Wengine walipitisha miti miwili kwenye magunia ya katani, ikawa machela.

"Naweza kutembea," Griffin alinong'ona.

"Umeshatembea vya kutosha," Danson alimwambia. "Lala."

Walishuka naye korongoni wakipokezana, wakiteleza, wakikemeana. "Kichwa juu! Lewis, kaza upande wako!" "Nimekaza, wewe ndiye unayeyumba!" Mbithe alifuata nyuma akilia kwa Kikamba. Penina alibeba mfuko wa Madam na hakuna aliyemsemesha.

Bi. Mable alikuwa ng'ambo, karibu na gari, viatu vyake mkononi. Alikuwa ameshuka ili kiti kilazwe. "Nitapata usafiri mwingine," alisema. "Nendeni."

Hospitalini walimpokea Griffin moja kwa moja, kwa kuwa Madam alikuwa ameshapiga simu kueleza ni nyoka gani, ameuma wapi na lini, na kamba imekaa muda gani. Alitundikiwa dawa ya sumu. Usiku ukapita. Asubuhi daktari aliwaambia kwamba mtoto ataishi na mguu utabaki. Vidole viwili huenda vikakatwa, na kovu litakuwa kubwa.

"Mngekuja mapema," daktari aliongeza, "na hivyo vidole tungeviokoa."

Penina alitoka nje akakaa kwenye benchi. Danson akaja akakaa kando yake.

"Nipige, Baba," Penina alisema.

"Nimekasirika kiasi kwamba nikikugusa nitaharibu. Kwa hiyo nimekaa." Alitazama mikono yake. "Nilimshika mguu ule kwa mikono yangu. Nikaondoka. Wewe ndiye uliyeniondoa."

"Niliogopa watakufukuza."

Hapo Bwana Sylus alikuwa akija kwenye ujia, amevaa suti. Alifuatana na kijana mwenye kamera, na nyuma yao Bi. Mable aliyekuja kumjulia hali mgonjwa. Meneja alitabasamu meno yote.

"Binti yetu shujaa! Danson, mambo ya jana tuyaache jana. Kazi yako ipo. Tunataka picha ndogo tu ya kuweka kwenye ukurasa wa ranchi mtandaoni. Penina, utasema hivi: tulipopata ajali, sanduku la ranchi na gari la ranchi vilikuwa tayari. Maneno machache tu. Unaweza?"

Penina alimtazama baba yake. Danson alikuwa ametazama sakafu. Taya zilikuwa zikicheza, lakini hakumwambia sema wala usiseme. Kazi yake ilitegemea jibu hilo, na aliiacha mikononi mwa mtoto.

Kijana alielekeza kamera.

"Sanduku lilikuwa na kufuli," Penina alisema. "Baba alilivunja, tukakuta vikombe vya karatasi. Gari lilitolewa na Titus, meneja akimkataza. Na mimi nilidanganya kuwa ni mwiba, ndiyo maana Griffin anapoteza vidole. Nilidanganya kwa sababu Bwana Sylus alisema atamfukuza baba."

"Zima hiyo!" meneja alimfokea kijana. "Zima! Mtoto hana adabu huyu!"

"Usizime," Bi. Mable alisema. "Mtoto ameulizwa, amejibu. Bwana Sylus, pesa za kujaza sanduku hilo tulileta kila mwaka. Mkutano wa wanachama ni lini?"

Bwana Sylus alianza kueleza kuhusu taratibu. Hakuna aliyemngoja amalize.

Wanachama walikutana wiki iliyofuata, wakapiga kelele mpaka jioni. Meneja alisimamishwa kazi, na mwenyekiti wa ranchi, ambaye naye alikuwa akijua muda wote kuwa sanduku ni tupu, aliombwa aketi chini. Amri ya kuwafukuza maskauti kwa makosa ya jamaa zao ilifutwa. Vifaa vya huduma ya kwanza viligawiwa kwa maskauti wenyewe, kila kikosi na mfuko wake. Titus hakuandikiwa barua. Daraja bado liko kwenye mpango.

Lakini siku ile hospitalini hayo yote yalikuwa hayajatokea, na Danson hakujua kama ana kazi au hana. Meneja alipoondoka, alimgeukia binti yake. Sauti yake ilikuwa bado na ukali.

"Sikiliza, Penina. Watu wakubwa wamefanya kweli iwe kitu cha hatari huku. Ukisema kweli unafukuzwa, ukidanganya unapewa cheti. Hilo ni kosa lao, na mimi sitawasamehe, usiniombe. Lakini mama yako aliuawa na watu walioficha kuwa sanduku halina kitu, na jana wewe pia ulificha. Sumu haijali uliificha kwa wema au kwa ubaya. Mtu akiwa hatarini, sema lililotokea, lote, mapema, kwa yeyote anayeweza kusaidia. Usingoje wakubwa wawe wazuri ndipo uwe mkweli. Utangoja sana."

"Ndiyo, Baba. Na ukikosa kazi?"

"Nitatafuta nyingine. Vidole vya Griffin sitavipata sokoni."

Alisimama, akajinyoosha mgongo uliochoshwa na machela, akamwonyesha mlango wa wodi.

"Ingia umwambie binamu yako kuhusu vidole. Mama yake ameshindwa kumwambia. Wewe mwambie sawasawa, usimpambie."

Penina aliingia.